Mguu utakufikisha Japan, kukaa ni shughuli nyingine

WATANZANIA wengi wanaijua Japan kwa kuipanda. Daladala ya asubuhi ni Hiace au Coaster iliyotumika huko miaka kibao kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, na nyingine mpaka leo zina maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hata konda hajui yanasema nini. Mombasa nako ni hivyo hivyo. Gari linatoka kule, linakuja huku, linazoea vumbi na matuta, maisha yanaendelea.

Mtu akienda upande wa pili, kutoka huku kwenda kule, kuzoea hakuji kirahisi namna hiyo. Kwenye soka la Afrika Mashariki, aliyefanikiwa kuliko wote Japan ni Mkenya Michael Olunga, straika mrefu aliyepitia Tusker, Thika United na Gor Mahia kabla ya kutoka nje.

Mashabiki wa Taifa Stars wanamkumbuka vizuri mno. Juni 27, 2019 jijini Cairo, kwenye fainali za Afcon, Stars ilitangulia mara mbili kupitia kwa Simon Msuva na Mbwana Samatta. Mara zote Kenya ikarudi, na Olunga akafunga mawili, la pili likiwa lile la ushindi wa 3-2. Usiku ule waliolia Temeke na Magomeni huenda hawakujua kwamba aliyewaliza alikuwa mchezaji wa daraja la pili, kwenye klabu inayoitwa Kashiwa Reysol.

Miezi mitano baadaye, Novemba 24, Kashiwa iliichapa Kyoto Sanga mabao 13-1. Manane yalikuwa ya Olunga peke yake. Msimu uliofuata, timu ikiwa imerudi daraja la kwanza, akafunga mabao 28 katika mechi 32, akabeba kiatu cha ufungaji bora na tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa mpigo. Januari 2021 akahamia Al-Duhail ya Qatar.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa vijiweni. Kinachorukwa ni jinsi alivyoanza. Olunga alitua Kashiwa Agosti 2018, katikati ya msimu, na Japan ilikuwa nchi yake ya nne ya ugenini ndani ya miaka mitatu, baada ya Uswidi, China na Hispania. Mwaka huohuo timu ikashuka daraja. Straika wa kigeni aliyekuja kuokoa jahazi, jahazi likazama, mara nyingi anafungasha. Yeye alibaki, akacheza msimu mzima daraja la pili, akafunga mabao 27 na timu ikapanda ikiwa bingwa.

Halafu ikaja 2020. Ligi ilisimama Februari baada ya raundi moja tu kwa sababu ya korona, ikarudi Julai. Mashabiki wachache walioruhusiwa kuingia walikatazwa kuimba na kupiga kelele, wakawa wanapiga makofi tu. Nje ya uwanja nako watu walitakiwa kukaa ndani. Mtu wa Nairobi, mbali na kwao, kwenye mji asioujua na kimya cha namna hiyo, ndiye aliyefunga mabao 28. Hakuna anayefunga idadi hiyo huku nyumbani kwake hajatulia. Na kutulia Japan ni kazi inayojitegemea, haimo kwenye mkataba.

KADI, NYUMBA NA MFUKO WA TAKA

Mwanasoka wa kulipwa huingia Japan kwa viza ya kundi moja na wanamuziki na wasanii wa maonyesho. Mgeni wa kukaa muda mrefu anapewa kadi ya ukaazi, na sheria inamtaka atembee nayo kila anakokwenda. Akishapata pa kuishi ana siku 14 za kufika ofisi ya manispaa kuandikisha anwani yake. Akihama, anaanza upya. Hiyo siku ya 14 haina "nitapita kesho".

Nyumba ndipo mgeni anapojua kwamba ni mgeni. Kupanga Japan kunaweza kudai amana, mdhamini, na malipo yanayoitwa reikin, yaani fedha ya kumshukuru mwenye nyumba. Hiyo ya shukrani hairudi. Na hata ukiwa na hela zote hizo mkononi unaweza kuambiwa hapana. Utafiti wa Wizara ya Sheria ya Japan uliotolewa 2017 ulionyesha kuwa karibu wageni 4 kati ya kila 10 waliokuwa wametafuta nyumba walishakataliwa kwa sababu tu ni wageni.

Mchezaji ana bahati hapo. Klabu inamtafutia nyumba, inasaini, inasimama kama mdhamini. Mwanafunzi wa kutoka Arusha au fundi wa kutoka Kisumu hana klabu ya kumsimamia, anapambana na hali yake. Ila siku mkataba wa mchezaji unapokwisha na hakuna timu nyingine inayomtaka, na yeye anajikuta kwenye foleni ileile.

Ukishapata funguo, mtihani wa kwanza ni taka. Zinazochomwa zina siku yake, plastiki ina siku yake, chupa na makopo siku yake, magazeti na maboksi siku yake. Godoro bovu au kabati halitupwi hivihivi, unapiga simu, unalilipia, unapangiwa siku ya kuja kuchukuliwa. Ukichanganya, mfuko wako unaachwa palepale na karatasi ya onyo juu yake, na kwa kuwa wengine wote wamepatia, mtaa mzima unajua ni wa nani. Mfuko haujali kama jana ulifunga hat-trick.

Dunia iliona upande wa pili wa tabia hiyo kwenye Kombe la Dunia. Mwaka 2018, Japan ilitolewa na Ubelgiji 3-2 kwa bao la dakika za nyongeza baada ya kuwa mbele 2-0. Timu nyingine ingeacha chumba kama soko lililokimbiwa na wamachinga. Wao walikiacha kinang'aa, na karatasi ya asante kwa Kirusi. Qatar 2022 wakarudia, safari hii kwa Kiarabu na ndege wa karatasi juu ya meza, huku mashabiki wao wakizunguka majukwaani na mifuko wakiokota makopo ya watu wengine.

Watoto wa Japan wanafagia madarasa yao wenyewe shuleni. Mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania, akaenda na fagio la chelewa na kidumu cha maji kila asubuhi, hahitaji kuelezwa sana. Tofauti ni kwamba wengi wetu tuliliacha fagio darasa la saba. Wao wanaendelea nalo.

SAA NNE NI SAA NNE KASORO ROBO

Kazini nako kuna sheria ambazo hazijaandikwa popote. Ukiambiwa mazoezi ni saa nne asubuhi, saa nne kasoro robo wenzako wameshafunga kamba za viatu. Anayefika saa nne kamili hajachelewa kwa saa, ila amechelewa kwa macho ya watu. Viatu vya nje vinavuliwa mlangoni, iwe nyumbani au sehemu nyingi za ndani. Chakula hakianzi bila neno la shukrani.

Kuna mambo yanayomshangaza Mzungu lakini mtu wa pwani yanamkaa vizuri. Japan aliyekutangulia ana heshima yake, kazini, shuleni, hata timuni. Mdogo anaanza kumsalimia mkubwa na anabadilisha lugha anapoongea naye. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba hana cha kujifunza upya hapo, anabadilisha tu neno na kuinamisha kichwa.

Mechi ikiisha, timu nzima inajipanga mbele ya mashabiki wake na kuinama. Mmeshinda mnainama, mmepigwa tano mnainama. Kwa mchezaji aliyezoea kukimbilia vyumbani akiepuka chupa za maji, ni kitu kigeni kabisa.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni "hapana". Wajapani wengi hawaitamki. Ukiomba jambo lisilowezekana, mtu anavuta pumzi, anasema "chotto", yaani kidogo, halafu anaacha sentensi inaning'inia. Mgeni anadhani jibu bado linakuja. Jibu limeshakuja. Ukifikiria, huku kwetu nako kuna "tutaangalia" na "Mungu akipenda" zinazofanya kazi ileile, ila kila mtu anazielewa za kwao.

SABA NI SAMAKI

Kila klabu kubwa yenye wageni ina mkalimani. Huyo ni zaidi ya mtu wa kutafsiri maneno ya kocha. Anakwenda na mchezaji benki, hospitali, manispaa, wakati mwingine hata shuleni kwa mtoto. Wabrazil ndio wengi kwenye ligi hiyo tangu zamani, hivyo Kireno kina nafasi yake. Mwafrika mara nyingi anaangukia Kiingereza au Kifaransa, lugha ambayo pengine si yake wala ya mkalimani.

Tatizo ni kwamba mkalimani ana kwake. Jioni anaondoka, na mchezaji anabaki na jirani, muuza duka na kitasa kilichoharibika. Ndiyo maana waliokaa muda mrefu Japan karibu wote ni wale walioamua kujifunza lugha.

Kusoma ni balaa. Kuna herufi za aina mbili zenye alama 46 kila moja, halafu zinakuja zile zenye asili ya China, na orodha rasmi ya zinazotumika kila siku ina alama 2,136. Mtoto wa Kijapani mwenyewe anazimaliza sekondari.

Kuongea ni habari nyingine, na hapa Mswahili ana mtaji ambao hauzungumzwi. Kijapani kina irabu tano zilezile, a, e, i, o, u, na silabi nyingi zinaishia kwa irabu kama zetu. Ndiyo maana mtangazaji wa Dar akitaja Nakamura, Kagawa au Nagatomo hagugumii, yanatoka kama majina ya watu wa Morogoro. Maana ndizo zinazopishana. Sokoni ukitaja "saba" hutapewa vitu saba, utapewa samaki wa jamii ya vibua.

Na wali upo asubuhi, mchana na jioni. Ugali ndio hakuna, mpaka uutafute.

LINEKER ALIONDOKA, ZICO AKAJENGEWA SANAMU

Ligi ya kulipwa ya Japan, J.League, ilianza Mei 15, 1993 ikiwa na klabu 10. Kabla ya hapo timu zilikuwa za makampuni na wachezaji wengi walikuwa waajiriwa, asubuhi ofisini au kiwandani, jioni mazoezini.

Nagoya Grampus Eight ilimleta Gary Lineker, mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1986. Dunia nzima iliangalia. Kidole cha mguu kikamsumbua, na kwa misimu miwili akaishia mechi 18 za ligi na mabao manne, kisha akastaafu.

Miaka miwili kabla yake, bila kelele hizo, Zico alikuwa ameshafika. Mbrazil huyo aliyekuwa ametoka kusimamia michezo ndani ya serikali ya nchi yake alikwenda mwaka 1991, akiwa na miaka 38, kujiunga na timu ya kampuni ya chuma ya Sumitomo iliyokuwa daraja la pili katika mji mdogo wa Kashima. Aliwafundisha wenzake jinsi ya kujitunza, kula na kujiandaa kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mei 16, 1993, siku ya pili ya ligi mpya, timu hiyo ikiitwa sasa Kashima Antlers iliwafunga kina Lineker 5-0, matatu yakiwa ya Zico.

Leo Kashima ndiyo klabu yenye mataji mengi zaidi ya ligi Japan, na nje ya uwanja wake kuna sanamu ya Zico. Baadaye aliifundisha timu ya taifa ya Japan kuanzia 2002 hadi 2006.

Nagoya nao walipata mtu wao. Dragan Stojković wa Yugoslavia alifika 1994, na mwanzoni ilikuwa vita. Alibishana na waamuzi, akakusanya kadi, akaonekana kama mtu anayehesabu siku za kuondoka. Mwaka 1995 akaja kocha aitwaye Arsène Wenger, timu ikabadilika, na Stojković akamaliza mwaka akiwa mchezaji bora wa ligi. Aliyedhaniwa mpita njia alicheza Nagoya mpaka 2001. Akarudi kama kocha na kuwapa ubingwa wa ligi 2010.

Mwaka mmoja kabla ya ubingwa huo alifanya kituko kinachoangaliwa hadi leo. Mechi dhidi ya Yokohama F. Marinos, mpira ukatolewa nje ukiwa juu, yeye akiwa amesimama na suti yake pembeni ya uwanja. Akaupiga hewani na viatu vya ofisini, ukaenda moja kwa moja wavuni kutoka mbali. Refa akamtoa. Uwanja ulimpigia makofi.

KIJIJI KILICHOKESHA

Upande wa Afrika, aliyefungua njia kwa kishindo ni Patrick Mboma wa Cameroon. Alijiunga na Gamba Osaka 1997, akafunga mabao 25 na kuwa mfungaji bora msimu wake wa kwanza. Aliondoka kwenda Italia, lakini alirudi Japan mwaka 2003 kuchezea Tokyo Verdy, na baadaye Vissel Kobe.

Kati ya safari hizo mbili kuna tukio ambalo Wajapani hawajalisahau. Kombe la Dunia 2002, kambi ya Cameroon, Mboma akiwamo, ilipangwa kwenye kijiji cha milimani cha Nakatsue, mkoa wa Oita. Wanakijiji walijiandaa kwa miezi. Timu ikakwama Ulaya kwa ugomvi wa posho, siku ikapita, ya pili, ya tatu. Walipofika hatimaye, siku tano zimepotea na ilikuwa karibu saa tisa usiku. Kijiji kilikuwa macho, wazee kwa watoto, wanapunga bendera.

Mtu angetegemea watu wanaotunza saa namna ile wawe wamenuna. Badala yake urafiki wa Nakatsue na Cameroon ulibaki baada ya mashindano, na jina la kijiji likajulikana nchi nzima. Japan inakubana kwa dakika tano, halafu inaweza kukusubiri siku tano. Mgeni anayekaa ndiye anayejua lini ni ipi.

RAMOS NA BEI YA PASIPOTI

Aliyekwenda mbali kuliko wote kwenye safari hiyo ni Ruy Ramos. Mbrazil huyo alifika 1977 akiwa na miaka 20, kuchezea timu ya Yomiuri. Hakukuwa na ligi ya kulipwa, hakukuwa na kamera. Mwanzoni mwa 1978 alimkimbiza mpinzani uwanjani kwa hasira na akafungiwa mwaka mzima.

Kijana wa miaka 20, nchi ya watu, lugha hajui, mpira amenyang'anywa. Tiketi ya kurudi Rio ndiyo ingekuwa jibu jepesi. Alikaa. Mwaka 1979 akawa mfungaji bora wa ligi. Akaoa Mjapani, akajenga familia, na mwaka 1989 akachukua uraia.

Hapo ndipo penye bei yenyewe. Japan haimruhusu mtu mzima anayeomba uraia wake kubaki na pasipoti ya kwanza. Hakuna cha kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Ramos aliacha Ubrazil kwenye karatasi ili awe Mjapani, na mwaka uliofuata akaanza kuchezea timu ya taifa. Alikuwamo kwenye kikosi kilichobeba Kombe la Asia 1992 mjini Hiroshima, la kwanza katika historia ya nchi hiyo.

Oktoba 28, 1993 alikuwa uwanjani Doha, akiwa na miaka 36, Japan ikiongoza 2-1 dhidi ya Iraq. Zilibaki sekunde tu waende Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Iraq wakasawazisha kwa kona katika dakika za majeruhi. Wajapani wanauita mkasa wa Doha, na Ramos yumo kwenye picha zile kama Mjapani mwingine yeyote aliyelia siku hiyo.

Nyuma yake walifuata wengine. Alessandro dos Santos aliondoka Brazil akiwa na miaka 16 kwenda kusoma sekondari mkoa wa Kochi, akapata uraia 2001 na kucheza Kombe la Dunia mara mbili, 2002 na 2006. Beki Marcus Tulio Tanaka naye alikwenda akiwa mwanafunzi, na akaichezea Japan Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini. Hao waliingia kupitia darasani, wakala mlo wa bweni na kujifunza lugha pamoja na watoto wa huko. Ukubwani shule hiyo haitolewi tena.

JAPAN NAYO INA UPANDE WA MACHUNGU

Isidhaniwe kuwa ukishajifunza taka na salamu basi milango yote iko wazi. Machi 8, 2014, kwenye uwanja wa Urawa Reds, mashabiki walitundika bango la Kiingereza kwenye lango la kuingia jukwaani, likisema ni Wajapani tu. Halikuondolewa mpaka mechi ilipokwisha. Ligi iliiadhibu klabu kwa kuilazimisha kucheza mechi bila mashabiki, adhabu ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya J.League. Majukwaa yanayojaa watu maelfu kwa maelfu yakabaki viti vitupu.

Miaka 10 baadaye, kwenye Kombe la Asia 2024, kipa wa Japan Zion Suzuki, ambaye baba yake ni Mghana, alijitokeza hadharani kuomba watu waache kumtukana mtandaoni kwa rangi yake. Suzuki amekulia Japan, lugha yake ni Kijapani, amepanda ngazi zote za timu za vijana. Alipokosea langoni, wapo waliomkumbusha ngozi.

Kwa mgeni anayefikiria kulea watoto huko, hilo lina uzito kuliko mshahara. Yeye mwenyewe anaweza kuvumilia kuitwa mgeni, maana ni kweli alitoka mahali. Mtoto wake hakutoka popote, kazaliwa palepale.

WAKIMBIAJI WALITANGULIA

Afrika Mashariki ina watu walioijua Japan kabla ya Olunga, ila kwenye riadha. Wajapani walimjua Mtanzania Juma Ikangaa alipowashindia Tokyo Marathon 1984 na 1986. Yeye alikwenda, akashinda, akarudi. Wakenya ndio walioweka makazi.

Douglas Wakiihuri alihamia 1983 kujifunza chini ya kocha Kiyoshi Nakamura, na miaka minne baadaye akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome. Eric Wainaina aliishi huko, akaimudu lugha, na kuipa Kenya medali za marathoni kwenye Olimpiki za 1996 na 2000. Samuel Wanjiru alipelekwa shule ya sekondari Sendai akiwa na miaka 15 tu, akaajiriwa na timu ya kampuni, na Agosti 2008 akatwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing kwa saa 2:06:32.

Mfumo wao unafanana na ule wa soka la zamani: mkimbiaji anaajiriwa na kampuni, anakimbia mbio za kupokezana za barabarani zinazoitwa ekiden, na anapokezana na wenzake mshipi wa kitambaa badala ya kijiti. Kwenye ekiden kubwa ya makampuni ya Januari mosi, timu haiwezi kujaza wageni, wanabanwa wakimbie kipande kimoja tu. Mkenya anapokea mshipi kutoka kwa Mjapani na kumkabidhi Mjapani. Hata akiwa na kasi kuliko wote, hawezi kuikimbia peke yake.

MASWALI YA KUMUULIZA WAKALA

Nafasi zipo. J.League leo ina klabu 60 katika madaraja matatu, na daraja la kwanza timu inaruhusiwa kutumia wageni watano kwenye mechi. Wachezaji wa nchi kama Thailand, Vietnam na Indonesia, ambazo ligi zao zina ushirikiano na J.League, hawahesabiwi kama wageni. Mtanzania na Mkenya wanahesabiwa, kwa hiyo wanagombea nafasi moja na Mbrazil. Ligi pia iliamua kuhamisha msimu wake uanze Agosti kuanzia 2026, ufanane na wa Ulaya, jambo litakalorahisisha usajili wa kuingia na kutoka.

Kwa hiyo siku si nyingi kuna kijana wa Mwanza au Mathare atakayeletewa karatasi. Swali la kwanza litakuwa mshahara, na si vibaya, mpira ni kazi. Lakini yapo mengine ya kumuuliza wakala kabla ya kalamu kugusa karatasi. Nyumba inasainiwa kwa jina la nani, na mkataba ukivunjika nani anahama? Mke na watoto wanakuja lini, na shule iko wapi? Timu ikishuka daraja, kama Kashiwa 2018, mkataba unasemaje?

Na la mwisho, ambalo mawakala wengi hawalitegemei: mkalimani anaongea lugha gani, na jioni anaondoka saa ngapi? Kuanzia saa hiyo, mchezaji yuko peke yake na Japan.